Sahihi ni Neno la Mtu

Siku hizi watu wengi wanauliza swali moja, nao wanaliuliza kwa namna mbili. Wengine wanauliza kwa furaha: "Je, kwa kuwa zabuni za Serikali sasa zapita katika kompyuta, si rushwa imekwisha?" Wengine wanauliza kwa dhihaka: "Je, wezi hawajui kutumia kompyuta?" Wote wanastahili kujibiwa. Lakini twaona ya kuwa wote wamekosea mahali pamoja: wanausemea mtambo kana kwamba ndio wenye dhamiri, na kuwasemea watu kana kwamba hawana. Leo twapenda kulitazama jambo hili polepole, maana lagusa nyumba zetu kuliko tunavyodhani.

Watu watatu wasioonana

Mama akienda sokoni kununua maharage, huchota konzi moja na kuyatazama kama yametobolewa na wadudu. Huuliza bei kwa wachuuzi wawili watatu, kisha ndipo hufungua pindo la kanga na kutoa fedha. Hahitaji sheria wala mkaguzi. Kwa nini? Kwa sababu fedha ni yake, macho ni yake, na chungu kitakachopikwa ni cha wanawe. Akidanganywa, jioni ile ile atajua.

Serikali nayo hununua. Hununua dawa za zahanati, madawati, saruji, mabomba ya maji, magari na karatasi za mitihani. Lakini ununuzi wake ni wa namna nyingine. Anayelipa ni mkulima wa pamba wa Maswa na mchuuzi wa Kariakoo, waliokwisha kutoa kodi yao. Anayechagua ni ofisa aliyeketi ofisini. Naye atakayekitumia kitu kile ni mgonjwa au mtoto wa shule, ambaye hakuulizwa neno. Hawa ni watu watatu, nao hawaonani. Anayechagua hapotezi shilingi yake mwenyewe akichagua vibaya, wala halali chini ya paa litakalovuja.

Hapo ndipo ulipo mlango wa rushwa. Hatusemi ya kuwa maofisa ni watu wabaya kuliko sisi. Mweke yeyote kati yetu mbele ya fedha ambayo mwenyewe haonekani, kisha mlete mfanya biashara mwenye bahasha. Hapo ndipo atajijua ni mtu wa namna gani. Watu wengi husema: "Mali ya umma haina mwenyewe." Usemi huu si kweli. Mali ya umma ina wenyewe wengi sana, ila hawapo pale inapogawanywa.

Kwa ajili hiyo nchi zote zimetunga sheria za kuwasimamia wanaonunua kwa fedha za wengine. Katika Tanzania, Tume ya Rais iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilitoa taarifa yake mwaka 1996, ikaeleza rushwa ndogo na rushwa kubwa bila kuficha. Baadaye zikafuata sheria za ununuzi wa umma, ya mwaka 2001, kisha ya 2004 iliyounda Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, yaani PPRA, kisha ya 2011, na tena Sheria Na. 10 ya mwaka 2023. Mfumo wa kompyuta ulioitwa TANePS ulitangulia. Tangu tarehe 1 Julai 2023 ukaanza kutumika mfumo mwingine, NeST, uliochukua mahali pake. Sasa taasisi ya umma inayotaka kununua hutangaza humo, na mzabuni hujiandikisha na kuleta bei yake humo.

Yaliyo mema yasifiwe

Haifai kuyadharau haya. Walioishi wakati wa karatasi wanakumbuka mambo yalivyokuwa. Tangazo la zabuni liliweza kubandikwa mlangoni pasipopita mtu. Barua ya mzabuni iliyopelekwa mapema iliweza kupotea mezani. Bei ya mmoja iliweza kunong'onezwa kwa mwingine usiku wa kuamkia siku ya kufungua sanduku. Na mkaguzi alipofika, faili halikuonekana. Mtunza faili alikuwa likizo, na ufunguo wa kabati ulikuwa kwa mtu aliyehamishwa.

Mtambo umeyafanya mengi ya haya kuwa magumu. Zabuni hufungwa isionekane mpaka saa ya kufunguliwa. Kila anayegusa jambo huacha alama ya jina lake, siku na saa. Mtu wa Songea mwenye duka la vifaa aweza kuleta bei yake bila kulala siku mbili safarini na bila kumjua mtu mjini. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mtambo huu ni daftari kubwa lisiloungua, nalo halipotei kabatini. Mtu aulaumuye kwa sababu tu hakupendezwa na kuonekana, lawama yake ndiyo sifa ya mtambo.

Lakini daftari huandika nini? Huandika lile linaloambiwa. Hapa ndipo twaomba msomaji atufuate kwa makini.

Milango mitatu

Mtambo una macho makali mahali pamoja, yaani pale bei zinaposhindanishwa. Mwizi mwenye akili hapiti tena pale. Hupita kabla, hupita pembeni, au hupita baada.

Hupita kabla, wakati wa kuandika kinachotakiwa. Ofisa akiandika ya kwamba gari linalotakiwa liwe na sifa hizi na hizi, nazo ni sifa za gari la mwuzaji mmoja tu, mtambo utalitangaza tangazo hilo kwa uaminifu wote. Utalionyesha nchi nzima, utapokea bei, utamtangaza mshindi. Kila hatua itakuwa wazi, na mambo yote yatakuwa yalikwisha amuliwa siku nyingi chumbani. Vivyo hivyo mtu aweza kuugawa ununuzi mmoja mkubwa uwe vipande vidogo ili kukwepa ushindani, au kungoja mpaka jambo liwe la dharura ili asiulizwe.

Hupita pembeni, kwa kuazimana majina. Wafanya biashara watatu waweza kupatana nyumbani ni nani atashinda leo na nani kesho, kisha kila mmoja akaleta bei yake kama washindani wa kweli. Ofisa naye aweza kumpa mwenzake nywila yake, yaani lile neno la siri la kufungulia mtambo, kwa sababu yuko safarini, au kwa sababu ni mvivu, au kwa sababu ameambiwa na mkubwa wake. Jambo hili si la nchi moja. Korea ya Kusini ilianza mtambo wake wa ununuzi, KONEPS, mwaka 2002, nao umesifiwa mahali pengi duniani. Hata hivyo watu waliazimana vyeti vya siri vya kuingilia, wakaleta zabuni kwa majina yasiyo yao, mpaka mwaka 2010 wenye mtambo wakaanza kudai alama ya kidole cha mzabuni mwenyewe. Jirani zetu wa Kenya mwaka 2015 walitikiswa na habari ya Shilingi milioni 791 za Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, zilizolipwa kwa njia ya mtambo wa fedha wa Serikali uitwao IFMIS. Katika kuchunguza likazuka swali hilo hilo: ilidaiwa kwamba nywila za maofisa zilitumiwa na watu wengine. Mtambo ulionyesha majina, lakini haukuweza kuonyesha ni mkono wa nani uliobonyeza.

Tena mwizi hupita baada, wakati wa kupokea. Mlango huu wa tatu ndio twapenda kuukalia zaidi, maana ndio unaowahusu watu wa kawaida.

Mifuko arobaini

Katika nchi yetu madarasa na zahanati nyingi zimejengwa kwa njia iitwayo "fosi akaunti", yaani ujenzi wenye kusimamiwa na jamii yenyewe kwa mafundi wa kawaida, bila mkandarasi mkubwa. Shuleni huundwa kamati: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Wajumbe wake ni walimu na wazazi. Miongoni mwa wasomaji wetu wako waliokwisha kuzitumikia kamati hizo, na wengine watachaguliwa kesho.

Tuseme basi mzee mmoja, mtu mwenye heshima, ni mjumbe wa kamati ya mapokezi. Lori limefika jioni na saruji ya darasa. Hati yasema mifuko 300. Yeye amehesabu, akapata 260. Dereva asema mingine itakuja kesho kutwa. Mwenyekiti amekwisha kutia sahihi. Mwalimu mkuu amechoka. Wote wamtazama mzee, na kalamu iko mkononi mwake.

Mifuko 40 ya kilo 50 ni tani mbili za saruji. Isipokuja, fundi hataacha kujenga, ataongeza mchanga. Ukuta utasimama, utapakwa rangi, utazinduliwa kwa ngoma. Baada ya masika mawili sakafu itaanza kumeguka kama mkate mkavu, na watoto watakaa mavumbini. Katika mtambo imeandikwa: mifuko 300, imepokelewa, imelipwa. Mkaguzi akisoma huko aliko ataona kila kitu ni sawa. Basi, ni nani aliyempofusha mkaguzi? Si fundi wa kompyuta. Ni kalamu ile ya jioni.

Tunasikia majibu yanayotolewa. La kwanza: "Mimi ni mdogo tu, wenzangu wamekwisha kutia." Lakini kama sahihi yako haina maana, mbona wanaingoja? Sheria ilitaka watu kadhaa watie sahihi kusudi kila mmoja awe kizuizi kwa mwenzake. Kila mmoja akitia kwa sababu mwingine ametia, basi hakuna aliyetia kwa kuwa ameona.

Jibu la pili ni hili: "Sikula hata senti moja." Huenda ni kweli, na tofauti ipo kati ya aliyekula na asiyekula. Lakini mtu akishika ngazi mwenzake apande dirishani, hata kama hakugawiwa kitu, nyumba imeibwa kwa msaada wake. Amri ya kutoshuhudia uongo haikomi mlangoni mwa mahakama. Kutia sahihi ni kusema: nimefika, nimeona, nimehesabu, ni kweli.

Jibu la tatu ni gumu zaidi, wala haifai kulipita haraka. Mwaka wa fedha wa Serikali huisha tarehe 30 Juni. Fedha isiyotumika yaweza kurudi Hazina, na shule ikabaki bila darasa. Mwalimu mkuu mwema, asiye na nia ya wizi, huambiwa na wenzake: "Tuandike kwamba vitu vimefika, fedha itoke, navyo vitakuja mwezi wa Julai. Tusipofanya hivyo watoto watakosa." Huu si usemi wa mwizi. Ni usemi wa mtu aliyebanwa, anayewapenda watoto wake. Je, amekosa?

Twasema amekosa, ingawa twamwonea huruma. Kwanza, aliyetia sahihi ya uongo amejivua silaha yake. Kabla ya sahihi, mwuzaji alikuwa anamhitaji. Baada ya sahihi, yeye ndiye anayemhitaji mwuzaji. Vitu visipokuja Julai, atamshitaki kwa neno gani, hali yeye mwenyewe ameandika kwamba vimekuja? Pili, amewafundisha walio chini yake ya kuwa hati ni mchezo. Mwaka ujao karani yule yule aliyeandika uongo kwa ajili ya watoto atauandika kwa ajili yake mwenyewe, wala mwalimu hatakuwa na uso wa kumkemea. Tatu, ameharibu daftari la wote. Wanaopanga dawa na madawati ya mwaka ujao husoma humo. Wakisoma uongo watapanga kwa uongo, na shule nyingine ambayo hawaijui italipa.

Lakini hapa twageuka pia kwa wakubwa. Mwenye mamlaka anayeleta fedha mwezi wa Juni na kudai hati zilizokamilika kabla ya mwezi kwisha, akijua kwamba haiwezekani, amemwekea ndugu yake mtego. Hawezi kunawa mikono. Fedha zifike mapema, na mtu aweze kuandika "havijafika" bila kuadhibiwa. Hapo wanyofu watapata nafasi ya kuwa wanyofu.

Kosa lililoandikwa kitabuni

Labda mtu atasema kwamba tunakuza jambo la karatasi. Basi na tukumbuke habari moja ambayo Tanzania nzima yaijua, habari ya rada.

Kwa mkataba wa mwaka 1999 nchi yetu ilikubali kununua kwa kampuni ya Uingereza, BAE Systems, rada ya kuongozea ndege kwa bei ya pauni milioni 28 hivi. Wakati ule walikuwako waliosema ya kuwa bei ni kubwa mno; Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lilipoombwa na Benki ya Dunia kulitazama jambo hilo, liliona vivyo hivyo. Ununuzi ukaendelea. Baadaye wachunguzi wa Uingereza wakagundua kwamba zaidi ya dola milioni 12 zilikuwa zimelipwa kwa mtu wa kati. Desemba 2010, mbele ya mahakama mjini London, kampuni ilikiri kosa. Kosa gani? Haikukiri kwamba ilitoa rushwa. Ilikiri kwamba haikuweka vitabu vya hesabu sawasawa. Malipo yale yalikuwa yameandikwa kuwa ni ya huduma za kiufundi.

Maneno mawili matatu katika kitabu cha hesabu! Lakini chini ya maneno yale zilijificha mamilioni. Kampuni ikatozwa faini ya pauni laki tano, na pauni milioni 29.5 zikarudishwa kwa ajili ya watu wa Tanzania. Fedha hizo zilifika mwaka 2012, zikatumika kununua vitabu na madawati ya shule za msingi.

Yafaa tuyatafakari madawati yale. Yatuonyesha kwa macho kile ambacho kwa kawaida hakionekani. Bei inapozidishwa, hatuoni kilichopotea; twaona rada, twaona gari, twaona jengo, na twashangilia. Kilichopotea ni kile ambacho hakikununuliwa. Kwa mara moja, fedha iliporudi, nchi iliona mzidisho wa bei huwa ni nini ukigeuzwa kuwa vitu: ni vitabu na madawati. Na zaidi ya miaka kumi ilikuwa imekwisha pita. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza wakati wa mkataba alikuwa amemaliza shule ya msingi kitambo.

Uwazi huhitaji wasomaji

Wengine husema: "Dawa ni uwazi. Mambo yote yawekwe mbele ya watu." Twakubali, lakini twaongeza neno. Kitu kilichowekwa wazi pasipo wa kukitazama kimefichwa bado.

Nchi ya Ukraine yatupa mfano. Baada ya misukosuko ya mwaka 2014, watu wa kujitolea, pamoja na Serikali na wafanya biashara, walitengeneza mtambo wa ununuzi ulioitwa ProZorro, na tangu Agosti 2016 taasisi zote za umma zikalazimishwa kuutumia. Kanuni yake ni kwamba kila mtu aone kila kitu. Tena likafunguliwa jukwaa lingine ili raia waweze kuuliza na kulalamika, maana walitambua kwamba kuona peke yake hakutoshi.

Kisha ikaja vita kubwa ya mwaka 2022, na manunuzi ya jeshi yakaondolewa machoni pa watu. Sababu ilikuwapo: adui asijue silaha. Lakini chini ya pazia hilo hilo vilipita pia vyakula. Januari 2023 mwandishi wa habari Yuriy Nikolov alitangaza bei zilizoandikwa katika mkataba mmoja wa chakula cha askari. Yai moja lilikuwa hryvnia 17, hali katika maduka ya mji mkuu Kyiv lilikuwa hryvnia 7 hivi. Wizara ilisema kwamba ni kosa la kiufundi. Lakini kila mama aliyenunua mayai wiki ile alilijua jambo hilo bila kufundishwa na mtu. Naibu waziri akajiuzulu mwezi ule ule, na baadaye sheria ikadai bei za vitu visivyo silaha zitangazwe hata wakati wa vita.

Somo lake ni la wazi. Kazi ile haikuhitaji mtaalamu wa kompyuta. Ilihitaji mtu ajuaye bei ya yai na asiyeona haya kuuliza. Wasomaji wetu wanajua bei ya mfuko wa saruji, ya bati, ya mbao, ya dawati. Katika ubao wa matangazo wa shule au wa kijiji, fedha zilizopokelewa na zilizotumika zapaswa kubandikwa. Ni wangapi kati yetu hupita pale na kusoma? Kila mwaka taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutolewa hadharani. Magazeti huipigia kelele wiki mbili, kisha twarudi kwenye habari za mpira.

Hata hivyo kuuliza kuna adabu yake. Uwazi si ruhusa ya kumchafua mtu. Yuko anayemwona mtendaji wa kijiji amenunua pikipiki, na jioni amekwisha kumhukumu kilabuni. Hiyo nayo ni sahihi ya uongo, iliyotiwa kwa ulimi. Anayetaka haki huuliza kwanza, huomba kuiona hati, huhesabu, hulinganisha bei, husikiliza jibu. Jibu lisipotosha, hulipeleka mahali panapostahili: kwenye mkutano wa kijiji, kwa diwani, kwa TAKUKURU. Mwenye mamlaka naye asimwite muulizaji adui. Ofisa mnyofu hupata faida kuliko wote pale vitabu vinapofunguliwa, maana ndivyo vinavyomtetea.

Na nyumbani kwetu?

Twamaliza palipo pagumu zaidi. Ofisa anayepokea cha juu hakushuka kutoka mbinguni. Amezaliwa nyumbani, amelelewa mezani, na ukoo una matumaini naye. Kijana akipata kazi katika ofisi ya ununuzi, ndugu husema: "Sasa tumepata." Miaka miwili ikipita hajajenga, huulizwa kama amelogwa. Akijenga nyumba ambayo mshahara wake hauwezi kuifikia hata kwa miaka ishirini, twaenda kuizindua, twala pilau, twamsifu kuwa kijana mwenye akili. Hakuna anayemuuliza: "Mwanangu, umeipata wapi?" Na yule mwenzake aliyekataa bahasha, anayepanda daladala pamoja nasi, twamwita mjinga.

Wengine husema mishahara ni midogo. Ni kweli kwa wengi, na mwajiri anayemlipa mtu chini ya haki ana hesabu yake ya kutoa. Lakini bahasha kubwa haiendi kwa mwenye mshahara mdogo. Huenda kwa mwenye kalamu kubwa. Na umaskini wa mmoja hauwezi kulipwa kwa umaskini wa mgonjwa aliyekosa dawa.

Basi, mtambo ni mwema, nao ufanywe bora zaidi. Milango ya mapokezi ifungwe kwa uangalifu ule ule unaofunga milango ya zabuni. Lakini asiwepo mtu wa kudhani kwamba amepata kompyuta ya kuwa mwaminifu kwa niaba yake. Mtambo hutunza neno tulilolisema. Tukisema kweli, hutunza kweli. Tukisema uongo, hutunza uongo, tena kwa mwandiko mzuri na kwa miaka mingi.

Turudi kwa mzee wetu na lori lake. Twapenda kufikiri ya kwamba alikaa kimya kidogo, akahesabu mara ya pili, kisha akaandika: mifuko 260. Dereva alikasirika. Mwenyekiti aliona haya. Labda hawakumsalimu vizuri juma lile. Lakini mifuko 40 ikaletwa, kwa kuwa mwuzaji hakuwa na namna nyingine ya kulipwa. Wazazi mtakaoitwa katika kamati hizo, nendeni. Msikatae kwa kuogopa maneno. Na siku lori litakapofika jioni, hesabuni kwanza, kisha ndipo mtie sahihi.